Kiswahili cha Dekoda na Kiswahili cha Buyenzi

Ukipita katika mitaa ya Mutanga Sud kati ya saa moja na saa tatu usiku, siku ambayo umeme upo, utasikia Kiswahili kikitoka madirishani. Si Kiswahili cha wenye nyumba. Huu ni mtaa wa maofisa, walimu, wafanyabiashara na wapangaji wa kila namna, ambao mchana kutwa husema Kirundi na, wakiwa kazini, Kifaransa. Kiswahili kinachosikika ni cha sultani wa Istanbul akimkaripia waziri wake, au cha mama tajiri wa Dar es Salaam anayemfukuza mkwe nyumbani. Mtumishi wa ndani ameacha vyombo, watoto wameacha madaftari, na baba mwenye nyumba, ambaye angependa habari za Kifaransa, ameshindwa kura.

Miaka thelathini iliyopita jambo hili lisingewezekana, na sababu si uhaba wa televisheni peke yake. Wazazi wengi wa mitaa kama huu waliwakataza watoto wao kusema Kiswahili. Kilikuwa lugha ya sokoni, ya kituo cha mabasi na ya Buyenzi. Katika Kirundi, kumwita mtu umuswahili mara nyingi hakukuwa kutaja lugha yake; kulikuwa ni kusema kwamba ni mjanja, ana maneno mengi, usimkopeshe. Mimi mwenyewe niliwahi kuondolewa mezani kwa kumjibu shangazi yangu kwa Kiswahili, na shangazi huyo ndiye aliyeanza kunisalimu kwa lugha hiyo, kwa utani.

Swali la makala haya ni hili: ni nani aliyeibadilisha fikra hiyo? Sisi walimu wa Kiswahili tungependa kujibu kwamba ni sisi. Tungetaja Burundi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili kuingizwa katika shule za msingi katika miaka hiyohiyo, na UNESCO kuitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini mtoto wa jirani yangu mwenye umri wa miaka sita haijui Jumuiya wala UNESCO, na anasema Kiswahili. Aliyemfundisha ni dekoda. Hoja yangu ni kwamba televisheni imekisafishia Kiswahili jina katika mji huu, na kwa wakati huohuo imekitia aibu kile Kiswahili ambacho mji huu ulikuwa nacho tangu zamani. Kazi hizo mbili imezifanya kwa mkono mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Kirundi huiita televisheni imboneshakure, yaani chombo kinachoonesha vya mbali. Jina hilo ni la haki kabisa, maana kwa muda mrefu hapa kwetu chombo hiki kilionesha vya mbali tu. Kila serikali ya eneo hili ilikuwa na fikra yake juu yake. Kenya ilianza mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilizindua televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa ya watu wachache wa mjini. Ng'ambo ya ziwa, Zaire ya Mobutu ilifungua taarifa ya habari kwa uso wa rais ukitokeza mawinguni. Burundi ilipata televisheni yake mwaka 1984, chini ya Rais Bagaza, mwaka uleule ambao Bujumbura iliupokea mkutano wa wakuu wa Ufaransa na Afrika. Basi ilizaliwa wakati kuna wageni sebuleni, na kwa miaka mingi ilibaki na adabu za mtoto aliyevalishwa kwa ajili ya wageni: hotuba, taarifa ya habari, filamu za Kifaransa.

Katika utoto wangu televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya nyumba moja katika barabara nzima, na sisi wengine tulikaa mkekani kwa utaratibu wa umri, mwenye nyumba akiwa na haki ya kuizima wakati wowote kwa kisingizio kwamba imepata joto. Kiswahili kilisikika katika taarifa ya habari na basi. Hakuna mtu ambaye angecheka, angelia au angependa kwa Kiswahili ndani ya kioo kile. Chombo kilichosema nasi hasa kilikuwa redio. Mwaka 1997, katikati ya vita, Studio Ijambo ilianzisha mchezo wa redio wa Kirundi, Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu majirani wa Kihutu na wa Kitutsi. Nakumbuka mama yangu akiinyamazisha nyumba nzima kwa kidole.

Msomaji anaweza kuuliza kama kweli mchezo wa kuigiza unaweza kubadili fikra za watu, au kama sisi watu wa fasihi tunajipa umuhimu tu. Ushahidi upo, na mmoja uko kwa Kiswahili. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa makusudi ya utafiti, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili lilinganishwe na maeneo mengine. Tofauti ilionekana: uzazi wa mpango ulipanda zaidi pale ambapo watu walimsikiliza dereva Mkwaju na mke wake Tunu. Mfano wa pili unatoka Brazil. Tamthilia za kituo cha Globo zilikuwa na mashujaa wa kike ambao wengi wao hawakuwa na mtoto, au walikuwa na mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba uzazi ulipungua katika maeneo yaliyofikiwa na matangazo hayo, na wazazi wakaanza kuwapa watoto majina ya wahusika. Na hao wa Globo, tofauti na wale wa Twende na Wakati, hawakuwa na nia ya kumfundisha mtu yeyote uzazi. Waandishi walitaka tu shujaa asiye na mtoto mgongoni, kwa kuwa mwanamke mwenye watoto sita ni vigumu kumtorosha na mpenzi katika sura ya kumi na mbili.

Hili la mwisho ndilo ninaloomba tulishike. Tamthilia hufundisha zaidi lile ambalo haikukusudia. Kwa hiyo tukitaka kujua inatufundisha nini, tusisikilize ujumbe wake; tutazame mambo ambayo imeyachukulia kuwa ya kawaida. Na jambo mojawapo ambalo kila tamthilia huchukulia kuwa la kawaida ni namna watu wanavyosema.

Chukua Vitimbi ya Kenya. Mzee Ojwang, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau hadi uzee wake, alisema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Yaani mtu wa Mlima Kenya aliazima ulimi wa mtu wa ziwani, akaliburudisha taifa zima kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao wawili. Wako waliolalamika kwamba vichekesho hivyo viliwazoesha Wakenya wa bara kuona kwamba Kiswahili chao ni kichekesho. Lalamiko hilo lina ukweli wake. Hata hivyo, ninapotazama leo vipande vya zamani, naona kitu kingine: Ojwang alikuwa baba, mume, jirani, mdeni. Alikosea ngeli na bado alikuwa mtu kamili. Watazamaji walimcheka huku wakimpenda, na hakuna aliyemtaka asahihishwe.

Tuje kwenye tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kuziita feyitoni. Mwaka 2011 nilikuwa Dar es Salaam nikihangaika na tasnifu ya uzamili, na jioni nilishuka katika ukumbi wa hosteli kutazama tamthilia ya Kichina iliyooneshwa na TBC, ya Doudou na mama wakwe zake. Doudou ni muuguzi wa Beijing aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana, hivyo anajikuta na mama wakwe wawili. Miaka miwili baadaye, Machi 2013, Rais Xi Jinping aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake jijini humo, akisema imewasaidia Watanzania kuyajua machungu na matamu ya familia za kawaida za Kichina. Wanasiasa husema mengi wanapotembeleana, lakini hapa aliongea kweli. Ukumbini pale wanawake wa Kitanzania waligawanyika pande mbili, kila upande na mama mkwe wake, na ugomvi ukaendelea hadi kwenye foleni ya chakula.

Kwa nini ilikubalika hivyo? Jibu langu ni la lugha. Kichina kina hazina kubwa ya maneno ya ujamaa, na Kiswahili nacho si maskini: mama mkwe, wifi, shemeji, mkaza mwana, mavyaa. Lugha hizo mbili ziliingiana kama mfuniko na chungu chake. Kwa Mrundi kulikuwa na zaidi ya hayo. Sisi tunatoka katika mila ambapo mke hatamki jina la baba mkwe wake, na mume humwepuka mama mkwe kwa heshima. Kumwona mke kijana akibishana na mama mkwe mezani, uso kwa uso, bila mbingu kuanguka, lilikuwa jambo la kutisha na kufurahisha kwa pamoja. Mtaalamu Brian Larkin aliwahi kuandika, mwaka 1997, kuhusu Wahausa wa Nigeria na filamu za Kihindi: kwamba watazamaji walipenda kuona jamii nyingine, isiyo ya Kizungu, ikihangaika na maswali yaleyale ya ndoa na wazazi. Nadhani jambo hilo ndilo tuliloliona kwa Doudou, na ndilo linaloonekana sasa kwa Waturuki.

Kazi ya kutia sauti ina adha zake, na anayekosoa azijue kwanza. Mdomo wa mwigizaji unafunguka na kufungwa kwa kipimo cha lugha nyingine. Kichina husema jambo kwa silabi mbili. Kiswahili kinaweka nafsi, wakati, mtendwa na kitenzi katika neno moja refu. "Sitakuruhusu" ni silabi sita, na mdomo wa mama mkwe umeshafungwa kwenye ya tatu. Mfasiri afanye nini? Akiandika "Hapana", ukali umepotea. Akiandika "Thubutu!", amefaulu, na hata amepita asili. Wale vijana walioshinda mashindano ya sauti ya StarTimes jijini Dar es Salaam mwaka 2016, wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo, wameonesha mara nyingi kwamba wanayo masikio. Siwabezi hata kidogo. Kila jioni wanafanya zoezi ambalo mimi huwapa wanafunzi mara moja kwa muhula.

Lakini angalia kilichotokea kwa tamthilia ya Kituruki ambayo Azam iliionesha kwa jina la Sultan. Ni kisa cha Suleiman na Hurrem, na kwao ilirushwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2014. (Huko kwao nako haikupita kimya, mwaka 2012 Erdogan alikasirika hadharani, akidai kwamba Suleiman halisi alikaa miaka thelathini juu ya farasi, si katika nyumba ya wanawake.) Kiini cha kisa hiki ni nini? Ni binti wa kigeni, mateka, anayeingia ikulu bila kujua lugha, na ambaye kwa lugha hiyohiyo aliyojifunza anapanda hadi kumwamuru kila mtu. Mwigizaji wake, Meryem Uzerli, alizaliwa na kukulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ambayo watazamaji wa Uturuki waliisikia mara moja. Lafudhi ile ilikuwa sehemu ya hadithi. Katika Kiswahili sikuisikia safari hiyo. Hurrem anafika akiwa mtumwa aliyeparuzwa na mawimbi ya Bahari Nyeusi, na anasema kama msomaji wa taarifa ya habari wa Dar es Salaam. Malkia mama anasema hivyohivyo, mpishi hivyohivyo, towashi hivyohivyo. Ikulu nzima imesoma shule moja!

Mtu atasema kwamba hilo ni jambo dogo. Kwa mtazamaji wa Kariakoo huenda ni dogo, maana nje ya nyumba yake anakisikia Kiswahili cha kila daraja: cha dalali, cha bibi, cha shehe, cha kondakta. Anajua kwamba kile cha kwenye kioo ni kimojawapo. Mtoto wa Mutanga Sud hana kipimo hicho. Kwake, Kiswahili ndicho hicho kimoja kinachotoka kwenye dekoda. Tamthilia za Huba na Jua Kali, zinazoigizwa na Wabongo wenyewe, zinampunguzia kidogo ufinyu huo, lakini nazo zina mji wao na ulimi wao. Kiswahili cha watu wanaoishi kilomita chache tu kutoka kwake sijapata kukisikia katika tamthilia hata moja kati ya hizo ninazozitazama.

Sasa nifike darasani, mahali ambapo sina budi kujitaja. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi aliyezaliwa na kukulia Buyenzi. Kiswahili kilikuwa lugha ya mama yake na ya bibi yake. Waswahili waliotoka Ujiji, Manyema na pande za Kongo walikuwa tayari wanaishi Usumbura katika zama za Wajerumani, kabla mji huu haujaitwa Bujumbura, kwa hiyo familia kama yake zina haki ya lugha hii kuliko mimi niliyeipata ukubwani. Wenzake wengi walikuwa watoto wa dekoda. Siku ya mazoezi ya kuzungumza alisimama, akasema: "Niko naeleza habari ya katoto kamoja." Darasa likacheka. Msichana wa mbele, mwenye lafudhi ya Azam tupu, akamsahihisha: "Ninaeleza habari ya mtoto mmoja mdogo." Nami, mwalimu, nikatabasamu, nikaandika alama. Yule kijana hakufungua mdomo tena hadi mwisho wa muhula.

Nilijua tangu siku ileile kwamba nimekosea, na nilijua kwa nini kitaalamu, jambo ambalo linaongeza kosa. Kale "ka-" na "tu-" si uchafu. Ni ngeli kongwe ya Kibantu, Kirundi kinayo hadi leo katika akana na utwana, na Kiswahili sanifu ndicho kilichoipoteza kikaazima "ki-" na "vi-" kufanya kazi yake. "Niko nasoma" husikika kutoka Bujumbura hadi ng'ambo ya Kongo, na linapambanua jambo linaloendelea sasa hivi kwa uwazi ambao "ninasoma" halina. Isitoshe, yule msichana aliyesahihisha aliendelea kusema "kurara" kwa "kulala", kama Warundi wengi, kwa kuwa Kirundi hakina sauti hiyo. Hakuna aliyemcheka. Kosa lake lilikuwa la Kirundi, na Kirundi hakina aibu hapa. Kilichochekwa hakikuwa kosa. Kilichochekwa ni Buyenzi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba lile neno umuswahili halikufa. Limehama. Zamani lilitenganisha wasema Kiswahili na wasiosema. Sasa, kwa kuwa kila mtu anataka Kiswahili, linatenganisha Kiswahili cha kwenye kioo na Kiswahili cha mtaani, na aliyekuwa chini zamani yuko chini bado. Televisheni haikumwambia mtoto yeyote amdharau bibi wa Buyenzi. Haikumtaja tu, kama vile Globo ilivyoacha kuwataja watoto.

Mwenzangu mmoja wa idara, ambaye nilimsomea rasimu ya makala haya, amenipinga kwa sababu mbili. Ya kwanza: wanafunzi wetu wanatafuta kazi Arusha, Dodoma na Nairobi, na huko "katoto kamoja" hakatawasaidia. Ya pili: Kiswahili cha dekoda ni mwalimu wa bure, asiyedai mshahara wala kugoma, katika nchi ambayo vitabu vya Kiswahili dukani ni vichache na ghali. Sababu ya kwanza naikubali yote. Sanifu nitaifundisha hadi nistaafu. Ya pili naikubali nusu. Mwalimu huyo wa bure anawafikia wenye umeme na wenye fedha za kulipia kifurushi cha mwezi, na Warundi walio na umeme nyumbani ni karibu mmoja katika kila kumi. Hoja ya Nyerere kuhusu anasa ya watu wachache haijachakaa kama tunavyodhani. Yule bibi wa Buyenzi, kwa upande wake, anafundisha gizani.

Muhula uliopita nilijaribu jambo dogo. Nilichukua tukio la dakika nne kutoka katika tamthilia ya Kichina, la mama mkwe anayekagua jiko la mkwe wake, nikazima sauti, nikawagawa wanafunzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitakiwa kulitia sauti kwa Kiswahili sanifu, la pili kwa Kiswahili cha Buyenzi, la tatu kwa Kiswahili cha Rumonge. Kila kundi lilipewa wiki mbili na sharti moja: lilete maneno yake yaliyokubaliwa na mzee anayeishi mahali hapo. Kundi la sanifu lilimaliza siku tatu, na kazi yao ilikuwa safi na baridi. Kundi la Buyenzi liligombana wiki nzima juu ya neno moja ambalo mama mkwe analisema anapofunua sufuria, kwa sababu mabibi wawili wa barabara mbili tofauti walitoa maneno mawili tofauti na kila mmoja akaapa kwamba la mwenzake ni la Uvira. Siku ya kuwasilisha, midomo haikulingana na sauti hata mara moja. Darasa lilicheka tena, na safari hii nilisikiliza kwa makini lilikuwa likimcheka nani. Lilimcheka mama mkwe.

Rekodi za makundi yote matatu ninazo. Yule kijana wa Buyenzi alikwisha kuhitimu, lakini niliposikia kwamba bibi mmojawapo kati ya wale wawili ni wake, nilimtumia ile ya kundi la pili. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba sauti ya mwanzo haisikiki vizuri, na kwamba neno la bibi yake ndilo sahihi. Atakayependa kusikiliza na kuamua mwenyewe aje ofisini na simu yenye nafasi.